Kwenda Kumnyoa Gavana

Tangu nirudi sijanyoa mtu hata mmoja akanyamaza. Kila anayekaa kwenye kiti changu hapa sokoni Khayega anaanza, "Zablon, hebu sema, Marekani kulikuwaje?" Na mimi nikisimulia, nikifika pahali pa kucheka, mkono wenye wembe unacheka pia. Juzi nimemkwaruza mwalimu wa kwaya nyuma ya sikio kwa sababu ya habari za theluji. Kwa hivyo nimeandika yote mara moja. Someni mkingoja zamu, halafu mkikaa kwenye kiti tuongee mpira.

Mambo ya pasipoti na tikiti siyaandiki, hayana utamu. Pasta ndiye aliyehangaika nayo, na miwa ya Kukhu ndiyo iliyolipa. Mnajua wenyewe siku hizi miwa inavyolipa. Hata mtu asiye na ndoto anaota.

Kabla ya kutoka

Kukhu Rasoa, nyanya yangu mzaa baba, mnamjua. Lakini wengine hamjui kwamba ana shemeji Marekani.

Zamani, wakati wazungu wanachimba dhahabu huku kwetu Kakamega, alikuja Mmarekani mmoja na mkewe na binti yao mdogo kufanya kazi ya misheni. Huyu bwana alikuwa amewahi kuwa gavana wa jimbo moja kwao. Akaangushwa kwenye kura, akaja kutujengea chemichemi. Mkewe aliitwa Hana. Kukhu alikuwa ameolewa juzijuzi, akawa anapika naye. Hana akamfundisha kushona, yeye akamfundisha Hana kusonga obusuma, ugali wetu, na mwishowe wakaitana dada. Ndiyo maana mpaka leo Kukhu anamwita Gavana mulamwa, yaani shemeji, na akimtaja lazima amtanie kidogo.

Kisha homa ikamchukua Hana. Akazikwa huku huku. Na desturi yetu mnaijua: siku ya tatu baada ya maziko watu wa boma hunyolewa, na wa kwanza ni yule aliyefiwa. Mpaka anyolewe bado yuko ndani ya matanga. Haoi, hatembelei wakwe, hachezi ngoma. Sasa asubuhi hiyo watu walifika na maji na wembe, wakakuta gari la misheni limeshampeleka Gavana Kisumu, yeye na mtoto, maana baba mtu naye alikuwa anatetemeka kwa homa. Hakurudi tena.

Miaka imepita, mingi, mpaka juzi Pasta alipoleta habari kutoka kwa yule binti, Martha. Ati baba yake bado yu hai. Si hai tu: alikuwa amebakisha siku chache awapite magavana wastaafu wote waliowahi kuishi katika historia ya Marekani. Hakuna aliyewahi kufikisha umri ule. Mji wao ulikuwa unaandaa sherehe, naye Martha alitaka Rasoa aje.

"Magoti haya hayapandi ndege," Kukhu akasema. "Utaenda wewe. Wewe ni kinyozi, na kwa kuwa Hana ni dada yangu, wewe ni mtu wa upande wa mke. Utamnyoa."

"Kukhu, wanamfanyia sherehe kwa sababu amekaa sana duniani."

"Amekaa kwa sababu hajanyolewa. Yuko tu! Wanampigia makofi, hawajui mtu amekwama. Umnyoe asubuhi, nje ya nyumba, kabla hajala. Na usiende mikono mitupu, ubebe sukari."

Sasa nifikirieni mimi. Mimi ambaye nikichinja kuku naomba msamaha kwanza. Nilielewa hivi: mzee anaishi kwa sababu hajanyolewa, na mimi natumwa kumnyoa. Basi natumwa na kifo ndani ya mkoba. Nilitaka kukataa, lakini mtu hamkatalii Kukhu. Na kusema kweli, nilitaka pia kuona ndege ndani.

Mumias, na lori la sukari

Nilipitia Mumias kwa sababu binamu yangu anafanya kazi kiwandani, akaniombea nafasi kwenye lori linalopeleka sukari Nairobi. Mji mzima ulikuwa unanuka molasi. Matrekta ya miwa yalikuwa yamepanga foleni mpaka yakaziba barabara. Trela moja lilikuwa limelala ubavu kama ng'ombe aliyechoka, na kila mtu aliyekuwa karibu alikuwa anasaidia kuinua miwa, mingine kwenye trela, mingine nyumbani kwake.

Dereva wa lori aliitwa Omari, mtu wa Mumias kabisa. Alikuwa anawasalimia watu wote kwa "Asalaam aleikum", hata askari wa barabarani, ambao wengi wao waliitwa Petro.

"Unaenda wapi, kijana, na viatu vinavyong'aa hivyo?"

"Marekani. Kumwona gavana aliyestaafu."

Omari akacheka mpaka akakanyaga breki. "Gavana anastaafu? Si hao waliteremka pamoja na bendera, wakaenda kwao na kofia za manyoya?"

"Huyu si wa Mwingereza. Kule kwao gavana anapigiwa kura. Akishindwa anarudi nyumbani, anakaa na watu."

"Watu hao hao waliomnyima kura?"

"Hao hao."

"Anakutana nao dukani?"

"Nadhani."

Akabadilisha gia mpaka tukapita Webuye. Halafu akasema, "Mimi ningekufa kwa aibu. Huyo anapata wapi nguvu ya kuishi kuliko wote?"

Nikataka kumwambia habari ya wembe, nikaogopa. Mvua ilitukamata Timboroa, lori likazama matopeni, tukakaa hapo karibu siku nzima. Mama mmoja wa Kikalenjin akatuletea maziwa ya mursik kwenye kibuyu. Omari akamlipa kwa sukari, yule mama naye akamrudishia kabichi. Nilikula kabichi mbichi kwa mara ya kwanza, nikitazama ukungu na kuwaza: huenda mzee anakufa mwenyewe sasa hivi, nami niokoke. Halafu nikajionea haya. Nikaomba Mungu kwamba asife, kisha nikaomba pia nisimkute hai. Sijui Mungu alishughulikia ipi.

Angani, na pale tulipokwama

Ndege ni kama kanisa lenye mikanda. Watu wote wanatazama mbele, kuna kaka na dada wanapita katikati, na hakuna anayeruhusiwa kusimama mpaka waseme. Waliniletea chakula kwenye trei, kila kitu kimefunikwa kama mtoto mchanga. Nilikula hata kipande cheupe nilichodhani ni sabuni, kumbe ni jibini. Au labda ilikuwa sabuni kweli. Bado sijui.

Huko Ulaya tulipobadilisha ndege, theluji ikafunga uwanja. Tukalala vitini kama magunia. Mzee mmoja Mhindi wa Kisumu, fundi wa saa aliyekuwa anaenda kumwona mjukuu wake, akanigawia chapati za nyumbani kwake. Nilipomweleza safari yangu yote, huyu nilimwambia na habari ya wembe, akatafuna polepole.

"Na wewe utafanya nini ukifika?" akauliza.

"Sijui. Nikimnyoa nimemuua. Nisipomnyoa Kukhu ataniua."

"Basi kula chapati," akasema. "Hilo si jambo la kufikiriwa ukiwa na njaa."

Tulipofika Marekani, afisa wa forodha akafungua mkoba wangu. Akatoa pakiti ya sukari, akatoa wembe, akanitazama.

"Unafikiri hatuna sukari huku?"

Kwa Kiingereza changu cha darasa la saba nikamwambia hiyo ni sukari ya kupeleka kwa mtu aliyefiwa.

"Pole sana. Nani amefariki?"

"Mke wa gavana."

Akavua miwani. "Lini?"

"Kabla mama yangu hajazaliwa."

Akamwita mwenzake, naye akamwita mwingine. Walizungumza sana, sukari ikatobolewa kidogo, ikaonjwa, nikaachiliwa. Mmoja wao aliniambia mama yake naye huwa anapeleka keki nyumba yenye msiba, kwa hivyo anaelewa, ila yeye haendi na wembe.

Basi la kwenda kwa Gavana

Kutoka mji mkubwa nilipanda basi la kwenda mashambani. Jameni, mahindi! Shamba la mahindi kutoka dirishani mpaka mwisho wa macho, ila yalikuwa yameshavunwa, yamebaki mabua na theluji. Nikawaza, watu wenye mahindi haya yote wanakula obusuma mara ngapi kwa siku? Nilikuja kujua kwamba wanampa nguruwe.

Karibu yangu alikaa mama mmoja mkubwa wa mwili na wa roho, jina lake Beti. Alipojua ninakoenda akajipiga mapaja kwa furaha.

"Gavana! Nyanya yangu alimnyima kura, alikuwa anajisifu kwa hilo mpaka siku ya kufa. Lakini kila Krismasi alikuwa anampelekea maandazi."

Basi likakwama kwenye theluji. Wakatushusha kwenye ukumbi wa kanisa dogo, wanawake wa hapo wakatupikia supu ya maharagwe kwenye sufuria kubwa kuliko zile za harusi zetu. Redio ikawa inazungumza. Mara nikasikia neno gavana, nikaacha kijiko. Beti akanishika mkono.

"Yu hai," akaniambia. "Wanasema tu kwamba yu hai. Siku hizi wanatangaza kila siku, kama hali ya hewa."

Watu wote ukumbini wakapiga makofi. Mimi nikatazama mkoba wangu, nikausukuma chini ya benchi kwa mguu.

Nyumbani kwa Mzee

Nilitegemea jumba. Ilikuwa nyumba ya mbao, nyeupe, yenye kibaraza na banda la kuku. Mlango ulifunguliwa na mama wa makamo mwenye nywele za kijivu, akaniangalia usoni kwa muda.

"Wewe ni wa Rasoa," akasema. "Una paji lake. Mimi nilibebwa kwenye mgongo wake, sikumbuki kitu kingine cha Afrika, ila mgongo huo na paji lile likigeuka kuniangalia."

"Shikamoo, shangazi Martha."

"Shangazi?"

Nikamweleza kwamba mtoto wa dada ya Kukhu ni dada ya baba yangu. Akakaa chini hapo hapo mlangoni. Huyu mama hakubahatika kupata ndugu, alizaliwa peke yake. Akawa anarudia, "Shangazi. Shangazi," kama mtu anayejaribu viatu.

Mzee alikuwa kando ya jiko, amefunikwa blanketi, mdogo kama ndege. Kichwani alikuwa amebaki na nywele pembeni tu, nyeupe, laini kama sufi. Macho yangu yakaenda hapo hapo, yakakataa kutoka.

"Mulembe," akanisalimu kwa lugha yetu. Sauti ilikuwa na nguvu kuliko mwili.

"Mulembe, Kuka." Nikaona aibu kumwita babu mtu ninayekuja kumwangamiza.

"Rasoa bado anapika ugali unaopasua meno?"

"Anasema wewe ndiye uliyekuwa na meno ya sukari, mulamwa wake."

Akacheka hadi kikohozi kikamshika. Mimi nikaruka kumshika, nikadhani ndiyo hivyo, amekwenda kabla sijatoa hata kitana.

Siku chache nilizokaa pale zilikuwa tamu, na zilikuwa mateso. Nilisonga obusuma wa unga wao wa njano. Nilipika kuku, na hapa sikilizeni: kuku wa dukani wa Marekani ametumbuliwa, kisha firigisi yake imefungwa kwenye karatasi ikarudishwa tumboni. Martha alitaka kuitupa! Nikaipika, nikampelekea Mzee kwanza kama inavyotakiwa, akafunga macho akiitafuna. "Hana alikuwa ananipa," akasema. "Sijapewa tangu hapo."

Waandishi wa magazeti walikuja kila asubuhi kuuliza siri ya kuishi sana. Akawa anawaambia maziwa mgando, kesho yake anawaambia kutembea, kesho kutwa anawaambia kushindwa uchaguzi. Yule gavana wa zamani anayeshikilia rekodi alikuwa wa jimbo la kusini, amekwisha kufa kitambo. Mzee alikuwa anamwita "mwenzangu" na kumwonea huruma kwamba hana la kufanya ila kungoja kupitwa.

Asubuhi moja, Martha akiwa jikoni, Mzee akaniuliza, "Kijana, kwa nini unakitazama kichwa changu kama shamba unalotaka kununua?"

Sikuweza tena. Nikamwambia yote. Siku ya tatu, maji na wembe, gari la misheni. Kwamba hajafunguliwa. Kwamba Kukhu anasema ndiyo maana yuko tu. Nikamwambia pia sitamnyoa, nitarudi nikamdanganye Kukhu, Mungu atanisamehe. Nilikuwa ninalia wakati huo, siwafichi.

Mzee hakulia. Akauliza, "Walikuja? Asubuhi ile, walikuja kweli?"

"Walikuja wote. Walingoja mpaka jua likawa kali."

"Sikujua. Nilidhani nimemwacha Hana kwa watu waliokwisha kwenda nyumbani kwao." Akatazama jiko. "Lete wembe wako kesho."

"Hapana!" Martha alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. "Baba, zimebaki siku chache tu. Mji mzima. Na huyu mtoto mwenyewe anaamini kwamba utakufa."

"Martha, nikifa, mwenzangu wa kusini atabaki na rekodi yake. Ndicho kitu pekee alicho nacho, mwache." Kisha sauti ikashuka. "Nimeishi miaka yote hii nikiambiwa nina bahati. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna kitu sijamaliza."

Asubuhi ya wembe

Tulimweka kibarazani, na mablanketi, na theluji imejaa uani mpaka banda la kuku. Hakuwa amekula. Nilichemsha maji mwenyewe. Nilinoa wembe mara tatu, mimi ambaye huwanyoa wakata miwa wakiwa wamelala kitini. Martha alisimama mbali, amekunja mikono, hakutaka kuangalia wala hakutaka kuingia ndani.

"Niseme nini?" Mzee akauliza.

"Kwetu watu huwa wanasema tu lililo moyoni."

Basi akaongea na Hana. Kiingereza chake kilikuwa cha chini sana, sikukielewa chote, na nilichokielewa ni chao. Nilisikia mahali aliposema gari. Nilisikia mahali aliposema mtoto alikuwa analia. Nywele zilikuwa zinaanguka juu ya blanketi, nazo na theluji hujui ipi ni ipi. Machozi yakamtoka, nami sikuyafuta, kwa sababu siku hiyo hayafutwi.

Nilipomaliza, kichwa chake kiking'aa kama yai, nikasikia hatua. Martha.

"Na watoto wa marehemu?" akauliza.

Nikasuza wembe. "Watoto nao hunyolewa, shangazi."

Akamsaidia baba yake kusogea, akakaa, akafungua nywele zake ndefu. Nikakata shungi moja tu nyuma ya shingo. Alilia kuliko baba yake, alilia kama mtoto wa miaka minne, na Mzee akanyoosha mkono wake wenye mifupa akaushika uso wake.

Halafu akasema, "Sasa naweza kula? Nina njaa." Akala mayai, na mkate, na obusuma uliobaki jana, na chai yenye sukari ya Mumias mpaka nikaanza kuogopa sukari pia.

Siku zilizofuata nilikuwa nasimama mlangoni kwake asubuhi kusikiliza pumzi. Kila mara ananiambia, "Bado, kijana. Ingia." Siku yenyewe ikafika, akampita mwenzake wa kusini. Bendi ya shule ikapiga, keki ikaletwa kubwa kama godoro, Beti naye akaja na maandazi. Mwandishi mmoja akamuuliza kwa nini amenyoa. Akajibu, "Nilichelewa kwa kinyozi." Wakaandika hivyo. Kisha akamwomba Martha amsimamishe, akacheza na binti yake hatua mbili tatu bendi ikipiga. Watu walisema hawajawahi kumwona akicheza, hata alipokuwa gavana.

Nyumbani

Nilirudi njia ile ile, na kurudi hakuna hadithi, ila Omari alinibeba tena na kudai sehemu ya keki.

Kukhu alinikuta mlangoni. Hakuuliza habari ya ndege. "Umemnyoa?"

"Nimemnyoa, na binti pia. Lakini Kukhu, hakufa! Nilikuwa nimekufa mimi kwa hofu, yeye anakula mayai."

Akaniangalia kama mtu aliyepotea. "Nani alisema atakufa? Wembe unauanga mtu? Ningekuwa nimewaua wanaume wangapi hapa Khayega?"

"Ulisema yuko tu kwa sababu hajanyolewa!"

"Ndiyo, yuko tu! Hachezi, haoi, hajawahi kuja kunisalimia miaka yote hii. Hiyo ndiyo kuwa tu. Mimi nilikutuma na ruhusa, wewe ukabeba kifo ukazunguka nacho dunia nzima, mjinga wewe." Lakini alikuwa amenishika mkono, na hakuuachia. "Alicheza, unasema?"

"Hatua mbili tatu."

Akageuka kutazama nyumba ya wageni. Kisha akasema kwamba mtu aliyekwisha kunyolewa huwatembelea wakwe zake, hiyo ndiyo desturi, na nyumba ya wageni ukuta wake umepasuka.

"Kukhu, mzee yule amepita miaka mia. Ni yule anayeishi kuliko magavana wote."

"Basi," akasema, "ana haraka gani?"

Jana asubuhi nimemkuta anakandika ule ukuta, amechomeka kanga kiunoni, udongo hadi viwikoni. Sikumwambia kitu. Nilichukua ndoo nikaenda kumletea maji.